Mikono Inawasha

Jumapili, 1 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo na imenikuta sina mwavuli, kama kila mwaka. Nimefika kituoni nimelowa chapachapa. Mlinzi wa getini akacheka mpaka akashika kiuno. "Daktari, hata radi hukuisikia?" Nikamwambia radi nazisikia kila siku vikaoni, nimeshazizoea.

Sindano za kuamsha uboho zimeanza kazi yake. Nyonga zinauma, kifua kinauma, hata taya linauma. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wachangiaji, "Utasikia maumivu kidogo, kama ya mafua." Kidogo! Muongo mkubwa mimi. Kesho nakaa kwenye kile kiti, mashine ichuje seli mama kutoka kwenye damu yangu, apewe Dada, mwenye saratani ya damu.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Nikimwambia Dada naogopa, atanibembeleza yeye, na mgonjwa ni yeye.

Jumatatu, 2 Machi

Nimekaa kwenye kiti asubuhi nzima, sindano mkono huu na huu, siwezi hata kujikuna pua. Damu inatoka, inazunguka kwenye mashine, inarudi. Nimeitazama mashine hiyo kwa wengine zaidi ya miaka ishirini na sikujua kwamba midomo inakufa ganzi.

Daktari wa Dada akapita kuniangalia. Wauguzi wanamwita Mpole, kwa kuwa hajawahi kupandisha sauti hata siku jokofu la sampuli lilipozimika. Mimi huwa namwona kama mtu aliyeamka sasa hivi.

"Unajisikiaje?"

"Kama shuka kwenye mashine ya kufulia."

"Vizuri," akasema, akaenda zake. Vizuri nini?

Kituo kina sheria: mtafiti hagusi sampuli ya ndugu yake na haingii kwenye kikao chake. Sheria hiyo niliiandika mimi, enzi nikijiona mwerevu. Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni ndugu wa mgonjwa tu. Nitakaa kwenye benchi la korido na ndugu wa wagonjwa wengine, nimsubiri Mpole atoke aseme chochote.

Jumanne, 3 Machi

Dada yuko kwenye chumba cha kioo. Dawa kali zimeshaua uboho wake wote, ule mbaya na ule mzuri, hana kinga hata ya chafya. Tunaongea kwa simu ya ukutani, yeye ndani, mimi nje.

Sista akautundika mfuko wa seli zangu. Ni mdogo, rangi kama ya supu ya nyanya.

"Ndimu," Dada akaniambia, "huyu ndiye wewe wote? Nilidhani utakuja kwenye pipa."

Ndimu ni mimi. Aliniita hivyo tangu nikiwa mtoto, kwa sababu ya sura yangu. Mama alipofariki Dada alikuwa msichana tu, akaanza kushona nguo za watu ili mimi nisome, na jina hilo akalishona nalo. Leo kipara chake kinang'aa, mashavu yamevimba, na bado ananitania. Nilicheka vizuri kabisa mpaka nilipofika chooni, nikalia huko.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Chembe nyeupe kwenye damu ya Dada: hakuna.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Hakuna.

Jumatano, 11 Machi

Hakuna. Mdomo wa Dada una vidonda, hawezi kuongea. Aliiweka tu ile simu sikioni, na mimi nikaongea peke yangu. Mimi, ambaye naweza kumaliza Jumamosi na Jumapili bila kutamka neno! Nilimweleza habari za paa la maabara linalovuja, za ndoo waliyoweka koridoni, na jinsi mkuu wa idara alivyoipiga teke akalowesha soksi. Nikaishiwa. Nikaanza upya na ile ndoo.

Nguo hazikauki. Chumba changu kina uvundo wa gunia.

Jumamosi, 14 Machi

Hakuna.

Jumanne, 17 Machi

Zipo! Chache, lakini zipo. Mpole amekuja mwenyewe mpaka kwenye benchi kuniambia, na mimi kwa furaha nikamshika mkono nikautikisa kama pampu. Seli zangu zimekubali kukaa. Nimepita getini bila mwavuli kwa makusudi.

Jumapili, 29 Machi

Dada ametoka chumba cha kioo. Hawezi kurudi kwake, ni mbali na anatakiwa kliniki mara mbili kwa wiki, kwa hiyo amehamia kwangu. Akasimama mlangoni na barakoa yake, akatazama sebule yangu yenye kiti kimoja na meza iliyojaa makaratasi.

"Ndimu, unaishi kama mtu anayesubiri basi."

"Nina kila kitu."

"Una kijiko kimoja."

Vipo viwili. Kimoja nilikuwa nimekisahau maabara.

Ijumaa, 3 Aprili

Amehamisha jiko langu lote. Chumvi siioni, kiberiti sikioni, na nikiuliza naambiwa nitumie macho. Ameagiza cherehani yake iletwe, anashona mapazia. Jioni nikirudi naona taa inawaka tangu barabarani. Leo nilisimama barabarani nikaitazama kabla ya kupanda ngazi.

Jumatatu, 6 Aprili

Viganja vyake vimekuwa vyekundu na vinawasha. Anajikuna kwenye ukingo wa meza.

Jumanne, 7 Aprili

Ngoja niandike polepole, maana nina hasira.

Ninachokifanyia utafiti maisha yangu yote ni hiki: damu mpya ikiingia mwilini mwa mtu, inajikuta ugenini, na wakati mwingine inaanza kugombana na mwenyeji. Ugomvi ukiwa mkubwa, unaua. Ukiwa mdogo, ni wa kuushukuru, kwa sababu damu hiyohiyo inayogombana na ngozi ndiyo inayosaka mabaki ya saratani yaliyojificha. Dalili ya kwanza huwa upele viganjani. Nimesimama mbele ya wanafunzi mara ngapi nikiwaambia, upele mdogo ni rafiki, upakeni mafuta, msiuzime.

Leo Dada alijikuna mpaka akatoka damu kwenye kitambaa alichokuwa anakishona. Akakitupa kitambaa, akalia. Sijawahi kumwona Dada akilia kwa maumivu. Na kinachomuumiza ni damu yangu.

Nikaenda mpaka ofisini kwa Mpole, sikubisha hodi.

"Ni viganja tu," akasema. "Hana homa, tumbo salama, ini salama. Tumpe mafuta ya kupaka, tusubiri."

"Tusubiri nini? Achunike?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha kusubiri. Umesema mwenyewe upele mdogo ni rafiki."

"Nilikuwa nazungumzia wagonjwa!"

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ni dada yangu!"

Nikapiga meza, kikombe chake kikaanguka. Nikamwita mwoga, nikamwambia hajui kuamua, nikamkumbusha nani alimfundisha kushika bomba la sindano. Aliinama akaokota vipande vya kikombe, kisha akaandika dawa kali ya kutuliza kinga, dozi kubwa, kama nilivyotaka. Ndiyo maana nasema ana ulaini wa kukera.

Jumatatu, 13 Aprili

Viganja vimetulia. Dada amelala mchana wote bila kujikuna. Nilikuwa sahihi.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua kubwa. Mapazia yamekamilika, ya njano, yanapiga kelele kuliko redio. Dada amepika, nimekula mpaka nikafungua kifungo. Binti yake, anayefanya kazi ng'ambo, akapiga simu.

"Mamdogo, niambie ukweli, Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri mno. Amenifukuza jikoni kwangu mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, mmoja kwenye simu, mmoja jikoni, kicheko kilekile. Nimekisikiliza kicheko hicho na nikajua nitakikosa siku Dada akirudi kwake.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Dada kachoka leo. Anasema ni hali ya hewa.

Alhamisi, 7 Mei

Bado kachoka. Ana alama za bluu mapajani, anasema amejigonga kwenye cherehani. Sikuuliza zaidi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza.

Jumanne, 12 Mei

Mpole alikuja maabara. Akafunga mlango nyuma yake, akavuta stuli akakaa. Katika miaka yote hajawahi kukaa maabara kwangu.

"Imerudi," akasema.

Niliendelea kuandika lebo kwenye chupa. Niliandika lebo tatu nzima kabla ya kuweka kalamu chini.

Akaeleza, na hakuna neno hata moja nililokuwa silijui. Mabaki yalikuwepo. Damu yangu ilikuwa imeanza kuyasaka, ule upele ndio ulikuwa ushahidi, na sisi tukailaza usingizi. Hakusema "wewe". Alisema "sisi". Nikamwambia asinifanyie adabu, mimi ndiye niliyegonga meza.

"Na mimi ndiye niliyeandika dawa," akasema. "Nilijua haifai. Nilikuogopa. Hilo nitalibeba mwenyewe, usininyang'anye."

Nimemdharau mtu huyu kwa muda mrefu kwa sababu hapigi kelele. Leo ndiye pekee aliyekuja kukaa nami, na alikaa mpaka mashine za maabara zikazimwa na watu wote wakaondoka, bila kuniambia nijikaze.

Kilichobaki ni hiki. Tunaacha dawa zote za kutuliza. Wananitoa damu tena, safari hii si kwa ajili ya seli mama, ni kwa ajili ya chembe zinazopigana, apewe Dada, tuuchokoze ugomvi upya. Ukizuka, ana nafasi. Usipozuka, hana.

Jumatano, 13 Mei

Nimemwambia kila kitu, mezani, mapazia yamefungwa. Ugonjwa umerudi. Upele ulitakiwa kuachwa. Mimi ndiye niliyelazimisha uzimwe.

Dada akakunja kitambaa, akakikunjua.

"Kwa hiyo ningevumilia kidogo tu..."

"Labda. Hakuna anayejua kwa hakika."

"Usinijibu kidaktari, Ndimu."

"Ndiyo. Ungevumilia, na mimi ningevumilia kukutazama."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Cherehani haikulia.

Alhamisi, 14 Mei

Hajaniongelesha. Ameweka chakula changu mezani, akaingia chumbani.

Ijumaa, 15 Mei

Hajaniongelesha. Nyumba hii ilikuwa kimya kabla hajaja, lakini ule ulikuwa ukimya wangu, nilikuwa hata siusikii. Huu nausikia kila kona. Nimekaa sebuleni na mwavuli mkononi, mimi ambaye siku zote nasahau mwavuli, nikiwa sina pa kwenda.

Jumamosi, 16 Mei

Asubuhi ametoka na kikombe cha chai, akakiweka mbele yangu kwa kishindo.

"Siku ile nilikuwa nalia," akasema. "Ulitaka ufanye nini, upige makofi? Lakini ukinifanyia tena uamuzi bila mimi, nakuchapa, na uprofesa wako wote. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada."

"Kunywa chai."

Haikuwa na sukari. Sikuthubutu kusema.

Jumatano, 20 Mei

Kiti kilekile, mashine ileile, midomo ileile ya ganzi. Dada amepewa chembe zangu mchana. Mfuko ulikuwa mdogo zaidi ya ule wa kwanza. Hakutania.

Jumatano, 27 Mei

Nimetazama viganja vyake. Vyeupe.

Jumatatu, 1 Juni

Vyeupe.

Alhamisi, 4 Juni

Mvua zimeanza kupungua. Vyeupe. Dada amesema nikiendelea kumshika mikono kila asubuhi, majirani watadhani namsomea bahati.

Jumanne, 9 Juni

Vyeupe. Mpole ananiambia bado mapema. Najua ni mapema, nimeandika makala juu ya hilo. Makala hazinisaidii nikiwa naosha vyombo nikimsikia anakohoa chumbani.

Leo nilimfundishia Mpole kipindi, alikuwa na wagonjwa wengi. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Profesa, tunajuaje upele ni mdogo wa kutosha kuuacha?" Nikaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza siku zote. Kisha nikaongeza kwamba asiyewahi kumsikia mtu wake akilia kwa huo upele asijione jasiri. Nikajifanya natafuta kalamu.

Jumamosi, 13 Juni

Dada amekataa kunionyesha mikono. "Nimechoka kukaguliwa," amesema. Ana haki.

Jumatatu, 15 Juni

Amekataa tena. Nikamwuliza kama ana hasira nami bado. Akasema, "Hasira ya nini? Pita, unanizibia mwanga." Nimekwenda kituoni. Kwenye benchi la korido nilikaa dakika chache bila sababu, kwa mazoea tu, pembeni ya mzee mmoja anayemsubiri mkewe. Aliniuliza, "Wako yuko ndani?" Nikasema ndiyo, ingawa Dada yuko nyumbani. Nilimshukuru moyoni kwa kuniuliza.

Alhamisi, 18 Juni

Cherehani imenyamaza tangu juzi. Nadhani amekata tamaa na hataki kuniambia. Nimempigia binti yake, nikashindwa kusema, nikamwuliza habari za baridi ya huko.

Jumapili, 21 Juni

Jua. La kweli, la kuanikia.

Niliingia jikoni mchana kuchukua maji, nikamkuta Dada anaosha vyombo amevaa glavu. Glavu moja. Mkono wa kushoto umevaa, wa kulia uko wazi ndani ya maji ya sabuni.

"Nyingine iko wapi?"

"Ipo."

"Mbona umevaa moja?"

Akaendelea kusugua sufuria. Sufuria ile ilikuwa imetakata tangu zamani.

"Dada. Nionyeshe mikono."

"Ndimu, usinianze."

"Dada, tafadhali."

Akafunga bomba. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani nikirudi shule na goti limechubuka, kabla hajajua kama nitalia. Akavua glavu. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza ya jikoni.

Vyekundu. Mpaka kwenye vidole. Vyote viwili.

"Nilitaka niwe na uhakika kwanza," akasema. "Vilianza kuwasha wiki iliyopita. Nikasema labda ni sabuni mpya, nisikupe furaha ya bure, utavunjika. Ndiyo nikavaa glavu mkono mmoja, mwingine nikauacha. Siku zote hizi. Vimekuwa vyekundu sawasawa. Si sabuni, Ndimu. Siwezi hata kushika mkasi."

Nilikaa chini, sakafuni hapohapo, kwenye maji yaliyomwagika. Nililia na kucheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Wewe!" Dada akasema. "Mara ya kwanza ulikwenda kuvunja vikombe vya watu, leo unacheka? Inawasha kama moto, unasikia? Inawasha!"

"Nasikia. Sema tena."

"Mwanamke huyu kachanganyikiwa."

Nikampigia Mpole. "Upele," nikasema. "Viganja vyote. Hana homa."

Nikamsikia akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Tusiuguse," akasema.

"Siugusi. Nimeweka mikono nyuma."

Kisha nikafanya kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya kwenye kazi hii. Nilikaa na Dada alasiri nzima nikimtazama anateseka na sikufanya lolote. Nilimpaka mafuta ya kawaida. Alipolia, nilimshika viwiko. Dawa ile kali ilikuwa kwenye kabati la bafuni, hatua chache kutoka tulipokaa, na aliponiuliza kama kuna chochote cha kumpa, nilimwambia kipo, nikamwambia kitafanya nini, nikamwuliza anataka nini.

"Kiache," akasema, machozi yanamtoka. "Iache damu yako igombe. Ndiyo tabia yenu."

Jumatatu, 20 Julai

Majibu ya uboho yametoka. Mpole aliweka karatasi mbele yetu, akatuachia tuisome wenyewe. Saratani haionekani. Hakuna anayejua ni kwa muda gani, na Dada aliponiuliza sikumdanganya. Akasema muda wowote atauchukua, ana nguo za watu hazijakatwa.

Nimemnunulia Mpole kikombe.

Jumapili, 9 Agosti

Leo Dada amerudi kwake. Atakuja kliniki kila baada ya wiki mbili. Cherehani imepakiwa kwanza, kisha yeye, amekaa mbele na barakoa yake, akimpa dereva maelekezo ambayo hakuombwa. Alinipungia mkono mwekundu dirishani mpaka gari likakata kona.

Nimepanda ngazi. Chumvi iko alipoiweka, na nimeiacha hapohapo. Mapazia ya njano yanapiga kelele peke yao. Vijiko viko sita, na mlaji ni mmoja. Nilikaa kwenye kile kiti changu, kikiwa sasa na wenzake watatu watupu, na nikasema waziwazi, kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwepo: nitamkumbuka.

Jioni simu ikalia.

"Umekula?" akauliza.

"Bado. Mikono?"

"Inawasha."

"Sana?"

"Si sana. Ya kujua tu kwamba upo."

"Haya," nikasema. "Ngoja nikapike."